Huo mfuko "unaooza", unaoza wapi? Tuelewane kuhusu hizi plastiki mpya

Kuna maswali matatu watu wanayachanganya kila plastiki ikitajwa, na ukiyachanganya utauziwa chochote. La kwanza, imetengenezwa na nini? La pili, ikitupwa inaoza au haiozi? La tatu, inaweza kuyeyushwa ikawa kitu kingine? Wengi wetu tunachukulia kwamba ukishajua moja umejua yote, yani kama imetoka kwenye mahindi basi lazima inaoza, kama inaoza basi tupa popote tu, na kama ina ile alama ya mishale mitatu basi yupo mtu mahali fulani anaisubiri airejeleze. Sasa hakuna hata moja kati ya hayo ambalo ni lazima liwe kweli, na kuna plastiki za mahindi haziozi baharini, kuna za mafuta ghafi zinaoza, na kuna zenye mishale ambazo hakuna kiwanda hata kimoja karibu na wewe kinachozitaka.

Mkanganyiko huu kwetu haukuanza leo. Zanzibar walipiga marufuku mifuko ya plastiki 2006, Rwanda 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017 (na faini yao inafika shilingi milioni 4 za Kenya au jela mpaka miaka minne, hawakuwa na mchezo), Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Afu Aprili 2024 NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ikatoa agizo kwamba taka zinazooza, maganda, mabaki ya chakula, ziwekwe kwenye mifuko inayooza asilimia 100, na watu wakapewa siku 90. Tangu hapo ukiingia dukani kila mfuko una jani la kijani na maneno matamu. Kwahiyo swali la "inaoza kweli?" sio la wasomi tu tena, ni la mtu yeyote anayetoa hela yake.

Tuanze na kitu chenyewe

Plastiki zote ni polima. Polima ni molekuli ndefu kupita kiasi, iliyoundwa na kipande kidogo kinachojirudia maelfu ya mara, na hicho kipande kimoja kinaitwa monoma. Fikiria uzi wa kuvulia. Molekuli moja ya polima ndo uzi mmoja, na ndani ya mfuko mmoja kuna nyuzi hizo zisizohesabika, zimelaliana, zimejikunja, zimeshikana kwa kupishana pishana tu bila kufungwa. Ukizipasha moto zinateleza, plastiki inalainika, unaimwaga kwenye moldi, ikipoa imekaa. Hiyo ni familia ya kwanza: ndoo, dumu, chupa ya maji, mfuko, viti vya plastiki vya kwenye misiba. Familia ya pili nyuzi zimefungwa mafundo, zimeshakuwa wavu. Hapo hata upashe moto vipi haziteleziki, ukizidisha zinaungua. Sahani za melamini, sponji ya godoro, tairi, boti za faiba, zote ziko huku. Ndo maana hujawahi kuona mtu ananunua sahani za melamini zilizovunjika akayeyushe.

Hata wanasayansi wenyewe hili la nyuzi ndefu liliwapiga chenga. Mjerumani Hermann Staudinger aliliandika 1920 na wenzake wengi wakamkatalia, wakisema molekuli kubwa hivyo haiwezekani, mpaka akaja kupewa Nobel 1953. Na poliethilini, plastiki ya mifuko, ilipatikana kwa bahati 1933 kwenye maabara ya kampuni ya ICI huko Uingereza, Eric Fawcett na Reginald Gibson walikuwa wanajaribu gesi kwenye mgandamizo mkubwa kwa ajili ya kitu kingine kabisa, wakakuta mabaki meupe kama nta. Hakuna aliyekuwa anawaza itaishia wapi baada ya kutumika. Kwa mtazamo wangu hapo ndipo pa kuanzia, mana'ake kwa miaka karibu mia plastiki ilitengenezwa iwe imara, iwe nyepesi, iwe rahisi, basi, swali la mwisho wake halikuwepo kwenye orodha.

Sasa shika hiki kimoja, kitakusaidia mpaka mwisho wa makala: uzi wa poliethilini na wa polipropilini (ya vifuniko na kamba), uti wake wote ni kaboni imeungana na kaboni mwanzo mpaka mwisho. Hamna kiungo dhaifu. Maji hayana pa kuingilia, bakteria hawana pa kung'ata. Uzi wa PET, ile ya chupa za maji na soda, una kiungo chenye oksijeni kila baada ya hatua chache, na kiungo hicho maji pamoja na joto vinaweza kukifungua. Tofauti hiyo ndogo ndo inaamua kwa nini uzi wa chupa unafunguka na wa mfuko haufunguki.

Mishale mitatu haimaanishi unachodhani

Geuza chupa uangalie chini. Utaona mishale mitatu imezunguka namba. Alama hiyo ililetwa 1988 na chama cha wenye viwanda vya plastiki Marekani, na namba inasema aina ya plastiki, nothing zaidi. Haisemi inarejelezeka. 1 ni PET, 2 ni poliethilini nzito (dumu, chupa za shampuu), 3 ni PVC (mabomba ya maji), 4 ni poliethilini nyepesi (mifuko laini, ile tunayoiita nailoni), 5 ni polipropilini (vifuniko, vyombo vya chakula, kamba), 6 ni polistirini, pamoja na ile nyeupe nyepesi ya kufungia TV, na 7 ni "nyinginezo", yani kapu la kila kilichobaki, na humo humo ndo wamewekwa pia wageni wapya kama PLA, plastiki ya mahindi.

Unataka kuona kwa macho kwa nini kutenganisha ni kazi? Chukua chupa tupu ya maji, kata kipande cha mwili wake, chukua na kifuniko na ile pete inayobaki shingoni, tia vyote kwenye beseni la maji, visukume chini kidogo vipoteze mapovu. Kipande cha chupa kinazama. Kifuniko na pete vinaelea. PET ni nzito kuliko maji, poliethilini na polipropilini ni nyepesi kuliko maji. Kiwandani wanafanya hivyo hivyo: wanasaga chenga, wanamwaga kwenye tangi, zinazoelea zinakwenda huku zinazozama kule. Ni teknolojia nzuri sana mpaka itokee PVC, ambayo nayo inazama. Hapo mzigo umeharibika. PET inayeyuka kwenye digrii kama 250 na kitu, PVC haifiki huko, inaanza kuvunjika kwa moto mapema na kutoa tindikali ambayo inakatakata nyuzi za PET, kwahiyo PVC kidogo tu inatosha kufanya tani nzima iwe ya njano na dhaifu. Na PLA, hii ya mahindi inayosifiwa, inazama pia, inang'aa kama PET, kwa macho huwezi kuzitofautisha. Yani kikombe chako cha "rafiki wa mazingira" kikiingia kwenye gunia la chupa ni uchafu tu kama uchafu mwingine.

Rangi nayo ni shida. Mashine za kuchambua kwenye viwanda vikubwa zinatambua plastiki kwa mwanga usioonekana unaorudi kutoka kwenye kitu, na plastiki nyeusi inaumeza ule mwanga, mashine haioni kitu, inapita zake kwenda jalalani. Hata kijani ina shida yake: 2022 Coca-Cola walitangaza Sprite ya Marekani Kaskazini inaacha chupa ya kijani inahamia isiyo na rangi, mana chenga za kijani soko lake ni dogo, haziwezi kurudi kuwa chupa nyeupe. Halikuwa suala la urembo.

Kuyeyusha sio kurudisha upya

Kuna utafiti wa 2017 wa Roland Geyer, Jenna Jambeck na Kara Lavender Law uliopiga hesabu ya plastiki yote iliyowahi kutengenezwa duniani mpaka 2015: tani bilioni 8.3. Katika ile iliyokuwa taka tayari, asilimia kama 9 ndo ilirejelezwa, 12 ilichomwa, 79 ipo, jalalani au mitaroni. Watu wakisikia 9 wanasema "watu ni wachafu". Uchafu upo, lakini sababu kubwa iko ndani ya nyuzi.

Kila ukiyeyusha, joto na msuguano wa mashine vinakata nyuzi. Zinakuwa fupi, na nyuzi fupi hazishikani vizuri, kitu kinakuwa chepesi kuvunjika. PET ikiyeyushwa ikiwa na unyevu ndo balaa, yale maji yanafungua viungo, ndo maana chenga lazima zikaushwe kabisa kabla ya kuingia kwenye mashine. Kwahiyo chupa nyingi haziwi chupa tena, zinakuwa nyuzi za kitambaa, za zulia, za kujazia mito. Ni matumizi mazuri, sikatai, ila baada ya hapo hamna mtu atakayekusanya zulia lako chakavu alirejeleze.

Halafu kuna mchanganyiko. Poliethilini na polipropilini ndo plastiki zinazotengenezwa kwa wingi zaidi, zinafanana, zote zinaelea, na zote zina uti wa kaboni tupu, lakini ukiziyeyusha pamoja hazikubaliani kabisa. Zikipoa kila moja inajitenga kwenye vijisehemu vyake, na pale zinapopakana ndo panapasuka. 2017 kikundi cha Geoffrey Coates wa Chuo Kikuu cha Cornell, pamoja na wenzao wa Minnesota, walitengeneza uzi mmoja wenye vipande vya poliethilini na polipropilini kwa zamu. Ukitia asilimia 1 tu ya uzi huo kwenye mchanganyiko, kila kipande kinajiingiza upande wa ndugu zake, mpaka wa zile plastiki mbili unashonwa, na kitu kilichokuwa kinapasuka kama kigae kinavutika bila kukatika. Mimi hii ndo naiona sayansi ya malighafi inayostahili makelele, na haijapata makelele, kwa sababu haina picha nzuri ya kuweka kwenye gazeti.

Vile vipakiti vya sabuni ya unga, kahawa, nyanya za kopo za kipimo kimoja, vyenyewe hata hilo haviponi. Kipakiti kimoja kinaweza kuwa na tabaka la PET la kuchapia, alumini ya kuzuia hewa na mwanga, na poliethilini ya kufungia kwa joto, vyote vimegandishwa. Ukichana kimoja kwa pembeni taratibu utaona lile tabaka la fedha katikati. Kimebuniwa vizuri mno kwa ajili ya duka la mangi na vibaya mno kwa ajili ya kila kitu kinachofuata.

Ndo maana ubunifu mwingi wa kwetu umekwenda kwenye vitu ambavyo havihitaji usafi wa hivyo. Nairobi, mhandisi Nzambi Matee na kampuni yake ya Gjenge Makers anachanganya plastiki chakavu na mchanga anapata matofali ya kutandika chini, na UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ilimtambua 2020. Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake walijenga Flipflopi, jahazi la mita 9 kwa tani kama 10 za plastiki ya taka, juu limepambwa kwa ndara 30,000 zilizookotwa, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri kutoka Lamu mpaka Unguja, karibu kilomita 500. Ukifikiria vizuri, fundi wa jahazi ni mtu wa sayansi ya malighafi toka enzi, anajua mti upi wa mkuku na upi wa ubao, na hapo alikuwa anajifunza mti mwingine wenye tabia tofauti kabisa, unaopinda zaidi ya mbao na kutanuka kwenye jua.

Sasa hili la kuoza

Kuoza maana yake ni wadudu wadogo, bakteria na kuvu, wamekula ile kitu na kuigeuza hewa ya ukaa, maji na miili yao wenyewe. Kupukutika sio kuoza. Kwahiyo ukiona "inaoza" uliza: wapi, kwenye joto gani, kwa muda gani?

PLA, iliyo maarufu zaidi, inatengenezwa kwa kuchukua wanga au sukari (mahindi huko Nebraska, miwa huko Thailand, mihogo pia inafaa), inachachushwa kupata tindikali ile ile ya kwenye maziwa mgando, afu zinaunganishwa kuwa uzi. Ni kazi safi. Lakini kipimo cha Ulaya kinachoitwa EN 13432, ambacho ndo bidhaa nyingi zinajivunia, kinapima kwenye mtambo wa mboji wa kiwanda, joto digrii kama 58, unyevu na hewa vya kutosha, na kinataka asilimia 90 iwe imeoza ndani ya miezi 6. Bahari ya Dar haijawahi kufika digrii 58 na tuombe isifike. Ukitupa kikombe cha PLA Coco Beach kitakaa hapo karibu kama kikombe kingine chochote. Ukikifukia ndani kabisa ya jalala ambako hakuna hewa, basi kama kitaoza chochote kitatoa methani, ambayo kwa joto la dunia ni mbaya kuliko hewa ya ukaa. Na huku uswahilini tuna mitambo mingapi ya mboji ya kiwanda? Kitu kingine, PLA inaanza kulegea kwenye digrii 55 mpaka 60, ukiitilia chai ya moto kikombe kinalala.

Kinyume chake nacho kipo. Huko Triunfo, Brazil, kampuni ya Braskem toka 2010 inatengeneza poliethilini kwa miwa. Imetoka shambani, mmea ulinyonya hewa ya ukaa, safi sana, lakini uzi wenyewe ni ule ule wa kaboni tupu, haina tofauti hata chembe na ya mafuta, na haiozi. Wakati PBAT, ambayo kwa kawaida inatoka kwenye mafuta ghafi, ina viungo vinavyofunguka na inaoza vizuri kwenye mboji, na mifuko mingi laini inayoitwa ya kuoza ina PBAT ndani yake. Kwahiyo imetoka wapi ni swali moja, inaenda wapi ni swali jingine.

Zipo zinazooza kweli kweli, hata kwenye udongo wa kawaida na baharini, zinaitwa PHA. Hizi hazitengenezwi na binadamu, ni bakteria wenyewe wanazihifadhi mwilini kama akiba ya mafuta siku ya njaa, Mfaransa Maurice Lemoigne aliligundua hilo miaka ya 1920. Kwa kuwa viumbe ndo wameitengeneza, viumbe wengine wana vimeng'enya (vile vinavyosaga chakula) vya kuila. Tatizo lake ni bei na ugumu wa kuizalisha kwa wingi.

Halafu kuna hawa matapeli, samahani, lakini sina jina jingine. Plastiki inayoitwa ya okso ni poliethilini ya kawaida kabisa iliyotiwa chumvi za metali, kobalti au manganizi, ili jua na hewa viikatekate haraka. Baada ya muda mfuko hauonekani, na mtu anasema umeoza. Umepukutika tu, vipande viko pale pale kwenye udongo na tumboni mwa samaki, vidogo tu kiasi huvioni. Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku kuanzia tarehe 3 Julai 2021. Ukikuta mfuko umeandikwa una kiongezi cha kuufanya uvunjike, rudisha.

Na mifuko mbadala tuliyohamia baada ya 2019? Ile laini yenye mishikio, inayofanana na kitambaa, watu wengi mpaka leo wanaamini ni kitambaa. Iweke karibu na jicho. Utaona vidoti vidogo vidogo vimepangana mistari kwa mistari uso mzima. Pale ndipo rola ya moto ilipobana nyuzi nyuzi za plastiki zikashikana, hakuna kilichofumwa. Ni polipropilini, namba 5, ndugu yake kifuniko cha chupa. Ubora wake ni kwamba ni mzito, unaweza kuutumia mara nyingi, na hiyo ni faida ya kweli, ilimradi kweli uutumie mara nyingi. Ukiuacha juani miezi kadhaa unaanza kutoa unga unga mkononi, na huo unga ni plastiki.

Vikombe vya karatasi navyo vile vile, ndani vina utando mwembamba wa poliethilini, la sivyo kahawa ingevuja yote mezani.

Vipi kuhusu wale bakteria wanaokula plastiki?

Hii habari inarudi kwenye magrupu kila baada ya miezi kadhaa, "wamepatikana bakteria wanaokula plastiki, tatizo limekwisha". Ni kweli wamepatikana. 2016 watafiti wa Japani walitangaza bakteria waliyempata kwenye kiwanda cha kurejeleza chupa mji wa Sakai, wakamwita Ideonella sakaiensis. Ila anakula PET peke yake, kwa sababu ile ile niliyosema mwanzo, PET ina viungo. Mfuko wako haugusi. Na utando mwembamba wa PET ulimchukua kama wiki 6 kwenye digrii 30.

Kuna jaribio unaweza kulifanya linaloonyesha kikwazo kingine. Weka chupa tupu ya maji kwenye sinki, mimina maji yaliyochemka, kaa mbali kidogo. Mwili wa chupa unajikunja na kusinyaa, shingo haisinyai hivyo. Chupa ilianza maisha kama kibomba kidogo kinene chenye shingo tayari, kikapashwa moto kikapulizwa, mwili ukavutwa, nyuzi zikanyooka na kujipanga sambamba. Maji ya moto yanazipa nafasi ya kurudi zilikotoka. Shingo haikuvutwa, kwahiyo haina pa kurudi. Sasa zile nyuzi zilizojipanga ndo zinaipa chupa nguvu, na ndo zinazomshinda mdudu, kimeng'enya hakipati pa kupenya. Kwahiyo kampuni ya Ufaransa inayoitwa Carbios, ambayo 2020 ilionyesha kimeng'enya kilichoboreshwa kinavunja asilimia 90 ya PET ndani ya masaa 10, wanaanza kwa kuiyeyusha na kuipoza ghafla ili nyuzi zikae ovyo, wanasaga, afu wanaipa kimeng'enya kwenye digrii 72. Ni kazi nzuri mno, unapata monoma safi unaanza chupa upya kabisa, rangi na uchafu vimebaki pembeni. Lakini ni kiwanda, chenye matangi, chenye umeme. Hamna mtu anamwaga bakteria Pugu Kinyamwezi jalala likaisha.

Kuanza na mwisho

Kinachonipa moyo mimi zaidi ni wale wanaorudi nyuma kabisa wakauliza: kwa nini tusitengeneze uzi ambao tangu mwanzo tunajua utafunguliwa wapi?

Stefan Mecking na kikundi chake, Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, 2021 walitumia mafuta ya mimea kutengeneza plastiki inayofanana na poliethilini kwa kila kitu, isipokuwa kila baada ya umbali fulani uzi una kiungo kimoja kinachofunguka. Viungo ni vichache, havipunguzi nguvu. Ukiiweka kwenye pombe kama methanoli kwenye digrii kati ya 120 na 150 inafunguka, ukapata zaidi ya asilimia 96 ya monoma zako. Poliethilini ya kawaida kuivunja hivyo kunataka zaidi ya digrii 600 na unachopata ni kidogo. Yani kubadilisha kiungo kimoja kati ya makumi kumebadilisha kila kitu.

Huko California, maabara ya Lawrence Berkeley, timu ya Brett Helms walitoa 2019 plastiki inayoitwa PDK, ukiichovya kwenye tindikali kali inajiachia, rangi na viongezi vinabaki upande wao. Na kwa ile familia ya pili, ya wavu, Ludwik Leibler wa Paris 2011 alionyesha wavu ambao ukipashwa moto mafundo yanahama, fundo moja likifunguka jingine linafungwa mahali pengine, idadi ni ile ile, kwahiyo kitu kinaweza kufinyangwa upya bila kuwa uji. Wanaziita vitrima. Mapanga ya mitambo ya upepo na boti za faiba zikitengenezwa hivyo, tutakuwa na la kuzifanya zikizeeka, sasaivi nyingi zinafukiwa.

Na ile plastiki ya Japani ya Novemba 2024 huenda mliiona, ilisambaa. Takuzo Aida na wenzake wa taasisi ya RIKEN walitengeneza plastiki ambayo vipande vyake vimeshikana kwa chaji za umeme, moja ya malighafi zake inatumika hata kwenye vyakula, na ikiingia maji ya chumvi ile mishiko inaachia ndani ya masaa. Swali la kwanza kila mtu aliuliza, na ni swali la akili: sasa si itayeyukia mkononi nikiwa na jasho? Wenyewe wanaipaka tabaka juu kuizuia, ikikwaruzwa ndo kazi inaanza. Kama hilo tabaka litakubali kukaa kwenye chupa ya maziwa kwa bei ya chupa ya maziwa, huko ndo mtihani ulipo.

Na bei ndo inaua mengi ya haya. Plastiki mpya inatoka kwenye mafuta na gesi, bei ya mafuta ikishuka, plastiki mpya inakuwa rahisi kuliko chenga zilizookotwa, zikasafishwa, zikakaushwa, hapo wanaookota chupa mitaani wanaona bei ya kilo inaanguka kabla sisi hatujasikia habari yoyote. Mbadala nao una gharama zake, wizara ya mazingira ya Denmark 2018 ilipiga hesabu mfuko wa pamba ya kawaida unatakiwa utumike walau mara 52 ndo uulipe ule wa plastiki kwa upande wa joto la dunia tu, na ukiangalia vigezo vyote vya mazingira namba inapanda mpaka 7,100. Kwahiyo huyo anayegawiwa mfuko mpya wa kitambaa kila semina, mmm.

Azimio la kuandika mkataba wa dunia wa plastiki lilipitishwa Nairobi Machi 2022. Ndani ya mazungumzo hayo, mambo ya nyuzi na viungo yanazungumzika kirahisi zaidi. Kinachowagawa ni kama dunia ipunguze kutengeneza plastiki mpya, na kama kemikali fulani zizuiwe zisitiwe kabisa. Nchi nyingi zenye mafuta zinataka tuzungumzie taka tu. Kikao cha Geneva, Agosti 2025, kiliisha bila makubaliano.